Sanduku la Mawakili

ALASIRI, SIKU MOJA KABLA

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la magodoro, mtaa wa Bulla Iftin, mjini Garissa. Feni ilikufa tangu Ramadhani na hakuna aliyejali kuitengeneza. Watu watano, birika moja la chai ya maziwa ya ngamia, mlango umefungwa kwa komeo.

Kerrow, mkubwa wa genge, alichora kwa kidole kwenye vumbi la meza.

"Hapa ukumbi. Hapa jikoni. Hapa nyuma, msikiti ya hoteli. Kesho mawakili wanafanya mkutano yao ya mwaka. Asubuhi wanapiga kura. Sanduku inafungwa, wote wanaenda kuswali Adhuhuri, halafu wanarudi kuhesabu. Sisi tunabeba sanduku wakiwa kwa sala."

Jama, dereva, alicheka. "Adeer," akamwita, kama mtu anavyomwita ami yake, "siku hizi tunaiba karatasi?"

Aliyemjibu alikuwa amekaa pembeni, suti ya kijivu, leso mkononi. Wakili Korane. Yeye ndiye aliyewakodi. Alikuwa anagombea uenyekiti wa tawi la chama cha mawakili, na alijua wazi kwamba atashindwa.

"Tawi letu linatimiza miaka kumi," alisema. "Kwa hiyo mawakili wa Wajir na Mandera wamekuja wengi, na wote ni wa Batula, mpinzani wangu. Sanduku likipotea, kura itarudiwa mwezi ujao. Nani atatoka tena Lafey, huko Mandera, kwa barabara ile, kwa ajili ya kura? Tutabaki sisi wa mjini. Na wa mjini ni wangu."

Salah, fundi wa makufuli, aliinamisha kichwa. Jina la Batula lilimchoma.

Miaka mitatu nyuma alisota rumande miezi tisa kwa wizi ambao, kwa mara moja maishani mwake, hakuufanya. Batula alimkuta huko katika wiki ile ambayo mawakili huwatetea watu bila malipo. Akaichukua kesi, akasimama naye mbele ya hakimu mpaka akatoka. Hadi leo mama yake Salah akimaliza kuswali humwombea yule mwanamke kwa jina.

Lakini miezi hiyo yote mama alikula nini? Alikula chakula cha Kerrow. Unga, mafuta, maziwa, kila wiki, bila kukosa. Jambazi naye ana utu wake, ila utu wa jambazi hudaiwa siku moja.

"Salah," Kerrow akaita. "Kufuli ya mlango wa jikoni utafungua?"

"Nitafungua, adeer."

Alijichukia palepale.

Bilan, mpishi wa hoteli na mtu wao wa ndani, alijimiminia chai. "Imamu yetu ni mzee. Sala yake ni mrefu sana. Unaweza weka wali kwa moto, akitoa salamu umeiva."

"Nimeswali nyuma yake," Kerrow akasema. "Takbira zinatoka kwa spika, kwa hivyo Salah atasikia huko ndani. Rakaa ya kwanza, kufuli. Ya pili, sanduku. Ya tatu, uko kwa gari ya Jama. Ya nne, mko barabara ya Dadaab. Mimi niko safu ya nyuma. Mtu akitoka mapema, namshika na maneno."

"Na mtu asidhurike," Korane akasema, huku akijifuta jasho.

Jama alipapasa kiuno chake, palipokuwa na bastola, akatabasamu. Salah aliliona lile tabasamu.

ASUBUHI, SIKU YENYEWE

Mawakili walikuja na makoti yao meusi katika jua lile. Elimu ina mateso yake. Ripoti ya mwaka ikasomwa, na hakuna aliyesikiliza. Keki ya miaka kumi ikakatwa, ikapigwa picha zaidi kuliko ilivyoliwa. Mzee Kulow, wakili wa kwanza kufungua ofisi Mandera, akapewa bakora ya heshima, na watu wakasimama kumpigia makofi.

Kisha kura. Salah alikuwa jikoni, aproni shingoni kama kibarua wa Bilan, akimenya viazi. Kupitia dirisha la kupitishia sahani alimwona Batula akitumbukiza karatasi yake. Alikuwa amekonda. Buibui lake bado lilikuwa na vumbi la Wajir.

"Wacha kuangalia," Bilan akamnong'oneza. "Utajikata."

"Bilan, wewe unamjua huyu mama?"

"Sijui na sitaki kujua. Menya viazi, walaal, ndugu yangu."

Adhana ikalia. Sanduku likafungwa kwa lakiri mbele ya wote, ukumbi ukafungwa, ufunguo ukaondoka na msimamizi. Hata askari wa mlangoni aliacha rungu lake kwenye kiti akaenda kutawadha.

RAKAA YA KWANZA

"Allahu Akbar," spika ikasema.

Salah alipiga magoti mbele ya kufuli la mlango wa jikoni wa kuingilia ukumbini.   Waya ukateleza, akaurudisha, ukateleza tena.

"Harakisha!" Bilan alikuwa ameshikilia mlango wa nyuma, jasho linamtiririka. Nje, gari la Jama, Probox, lilinguruma polepole.

Kufuli likakubali spika ilipotangaza sijda.

RAKAA YA PILI

Ukumbi ulikuwa kimya. Sanduku lilikaa mezani, jepesi kuliko alivyodhani. Alilinyanyua, akageuka kuondoka. Pale ukutani kulikuwa na picha za wagombea wawili. Batula hakuwa akitabasamu kwenye yake.

Sina njia, akajiambia. Nimebaki na rakaa mbili.

Halafu spika ikasema, "Assalamu alaikum wa rahmatullah."

Salah aliganda. Salamu? Salamu ya nini? Sala ilikuwa nusu tu.

Sauti haikuwa ya imamu wa hoteli. Ilikuwa ya Mzee Kulow. Imamu alikuwa amemwachia nafasi, kama mwenyeji yeyote mwenye adabu anavyomwachia mgeni mkubwa. Na mgeni huyo akaendelea kwa upole: "Watu wa Garissa, timizeni sala zenu. Sisi ni wasafiri."

Mtoto yeyote wa madrasa anajua kwamba msafiri hufupisha, nne zikawa mbili. Kerrow alijua tangu akiwa mdogo. Ila alipopanga alihesabu kama mwenyeji, na sasa alikuwa safu ya nyuma akisimama kwa rakaa ya tatu, hawezi kutoka bila kutazamwa na msikiti mzima. Wasafiri ndio waliokuwa wakiinuka na kutoka. Watu wa Wajir. Watu wa Mandera.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Aliyeingia kwanza alikuwa Batula, ametokea upande wa wanawake, ufunguo mkononi; msimamizi, mwanamke mwenzake, alikuwa amempa atangulie kufungua.

Akamwona. Akaliona sanduku.

"Salah?" alisema. "Salah wa mama Ramlo?"

Afadhali angepiga kelele. Salah aliona aibu hadi kwenye mifupa.

"Toka, msee!" Jama alikuwa ameingia jikoni, bastola mbele. Ikamwelekea Batula. "Mama, lala chini!"

Salah hakufikiri. Aliusukuma mlango wa jikoni kwa bega, akateremsha komeo la upande wa ukumbi, akajibana hapo. Jama alipiga teke. Kisha risasi ikapasua ubao na kumchana Salah mkono wa kushoto. Akateleza chini, sanduku mapajani. Nje, Probox iliondoka kwa kishindo, Bilan akiikimbilia nyuma na kuachwa.

SALAMU

Ukumbi ukajaa. Batula alikuwa amepiga magoti, akimfunga jeraha kwa mtandio wake.

"Sikiliza, walaal. Polisi wanakuja. Usiseme neno mpaka upate wakili."

"Si nina wewe?"

Macho ya Batula yalijaa machozi. "Mimi siwezi. Nimekuona na sanduku. Mimi ni shahidi sasa." Akainua uso, akawatazama wenzake. "Nani atamsimamia?"

 Kisha mkono mmoja ukapanda.

"Mimi," Korane akasema. "Bila malipo. Ndiyo kazi ya chama."

Watu wakanung'unika kwa kumsifu. Korane akaja, akainama, akaweka mkono kwenye bega zima la Salah, na kulibana.

Nyuma ya wote, mlangoni, Kerrow alikuwa amefika, kofia kichwani, rakaa zake nne zimetimia. Alimtazama Salah, akatikisa kichwa mara moja. Hakuhitaji kumtaja mama.

Salah alimtazama Korane usoni.

"Huyu simtaki," alisema. "Jana alikunywa chai na sisi Bulla Iftin. Hii sanduku, ni yeye alitutuma. Na mkubwa wetu ni Kerrow, huyo hapo mlangoni."

Mkono ukatoka begani taratibu. Watu wakageuka. Mlango ulikuwa mtupu.

"Wakili." Salah alimgeukia Batula. "Tuma mtu kwa mama yangu. Sasa hivi. Yuko peke yake."

Batula hakutuma mtu. Nyumba aliijua tangu ile kesi. Alikwisha kutoka, anakimbia juani bila viatu, na vijana wa Mandera wakaanza kumfuata.