Sanduku la Kina Dunarvie

"Lalamiko Kuhusu Ongezeko la Sukari Lisiloelezeka Katika Makazi ya Familia, Mtaa wa Al-Malqa, Riyadh." Ndivyo ofisi ya kuajiri watumishi ilivyoliandika jalada hilo, kisha ikaligonga muhuri mara mbili, maana muhuri mmoja ungeonekana dharau. Madam alikuwa amepiga simu kumshtaki mfanyakazi wake, Risper, kutoka Kenya. Karani akauliza kama Risper anaiba sukari. Madam akasema hapana, anaiongeza. Kosa hilo halikuwa na fomu yake, kwa hiyo liliingizwa kwenye Mengineyo.

Sukari yenyewe ilikuwa ndani ya sanduku. Baba, mwenye nyumba, alikuwa amelinunua mnadani huko Edinburgh: mti wa mahogani, kufuli ya shaba, na jina la ukoo wa Dunarvie limechongwa kifunikoni. Aliliweka sebuleni, na hakuna mgeni aliyeondoka bila kuelezwa kwamba hao Dunarvie walikuwa mabwana wa ardhi Uskoti miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, wenye mashamba ya miwa Jamaika ambayo hawakuwahi kuyakanyaga. Walikaa kwao kwenye baridi wakinywa chai, na sukari ikawafuata kwa meli. Watumwa walioikata miwa hiyo baba hakuwataja. Yalikuwa mazungumzo ya baada ya chakula.

"Familia ya heshima," alimalizia.

"Hata mimi naijua familia kama hiyo," Josphat, dereva, alimnong'oneza Risper jikoni. "Naiendesha kila siku."

Risper alicheka kidogo. Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Alichosubiri ni baba, kafili wake, yaani mdhamini wake kisheria, ampe ruhusa ya kutoka nchini na kumrudishia pasi, arudi Muhoroni kwa binti yake. Baba hakukataa; angekataa, angalau msimamo wake ungejulikana. Alisema, "Inshallah, mbadala wako akifika." Mbadala huyo alikuwa njiani tangu majira ya baridi.

Mwezi wa Ramadhani nyumba hulala mchana. Siku moja, jua likiwa la utosi na mapazia yamefungwa, Risper alisikia harufu ambayo haikutoka jikoni. Aliijua. Alikulia ndani yake: juisi ya miwa inapochemka, tamu puani, kisha chungu kooni. Aliifuata hadi sebuleni. Kifuniko kilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na sukari ya kahawia, mbichi, yenye joto kama kiti ambacho mtu ametoka kukikalia sasa hivi.

Aliitupa. Kesho yake ilirudi. Madam alipiga simu ofisini. Baba alionja, akaamuru iwekwe mezani wakati wa futari, na wageni wakaisifu sana.

Kisha ikawa mikono. Risper alilala mchana, akaamka na michubuko myembamba kuanzia viganja hadi viwiko. Kwao kila mtoto anajua kinachochana hivyo. Ni majani ya miwa.

"Uliota nini?" Josphat aliuliza.

"Siotangi, Josphat. Nakata."

"Unakata nini?"

"Miwa. Na siko peke yangu. Wengine wako mbele yangu kwa mstari, hawageuki."

Siku iliyofuata alijizuia kulala, akaketi sakafuni chumbani kwake karibu na mashine ya kufulia, akijifinya, akiomba kwa sauti ya chini, na kiyoyozi kilipozima chenyewe akasikia kengele ikigongwa mbali, mbali kuliko ukuta wa nyumba, kisha nyayo tupu, nyingi, zikipita koridoni bila haraka kama watu wanaojua hakuna pengine pa kwenda, na harufu ile ikaingia chini ya mlango, na zilipofika mlangoni kwake nyayo zikasimama, zikangoja, na akaona miguu yake mwenyewe ikinyanyuka.

Madam ndiye aliyemkuta sebuleni, amesimama mbele ya sanduku, mikono inavuja damu kwenye zulia. Kuanzia siku hiyo madam hakutaka fomu tena. Alitaka shehe wa kumtoa Risper jini.

Walikwenda Jeddah, nyumbani kwa mama yake madam mtaa wa Al-Nuzha. Josphat aliendesha, madam mbele, Risper nyuma na sanduku pembeni yake. Kwenye vizuizi polisi walikagua karatasi za wote, na ikama, vibali vya ukaazi, za Josphat na Risper. Sanduku peke yake halikuulizwa karatasi.

Shehe aliitwa hapo, akamsomea Risper muda mrefu. Hatimaye jini likasema kwa kinywa cha Risper, kwa sauti nzito ya kiume iliyochoka.

"Dini yako?" shehe aliuliza.

"Wale walionifuga walikuwa Wapresbiteri."

Josphat aliinamisha kichwa. "Kanisa letu," alikiri, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Unataka nini kwa binti huyu?"

"Nina kazi moja. Sanduku lisikae tupu."

"Muachie."

"Mimi simshiki. Anayemshika ni mwenye nyumba. Mimi huchukua aliyeshikwa. Mkimpa ruhusa aende kwao, sina mtu humu, nitatoka. Mkimzuia, nitamchukua mzima mzima, asirudi."

Shehe alifunga kitabu. Akamwambia madam hajawahi kuona jini lenye masharti mepesi hivi.

Madam alimpigia baba hapo hapo, akilia. Sauti ya baba ilisikika chumba kizima, ya upole. Mtandao wa ruhusa ulikuwa na hitilafu. Halafu ofisi zitafungwa kwa Idi. Halafu kuna wageni wa Idi, na wameiulizia ile sukari. "Baada ya Idi, inshallah. Rudisheni sanduku."

"Baba," Risper alisema kwenye simu, sasa kwa sauti yake mwenyewe, "niache niende. Nakuomba."

"Halas, Risper. Nimesema baada ya Idi."

Njiani kurudi Josphat alimtazama Risper kwenye kioo mara nyingi kuliko barabara.

Jalada la ofisi lilifungwa baada ya sikukuu. Linasema mfanyakazi ametoroka kazini, hajulikani aliko, na kwamba lalamiko la sukari limepitwa na wakati.

Risper hakutoroka. Pasi yake ilikuwa kwenye sefu ya baba na viatu vyake vilikuwa mlangoni. Siku ya Idi alisinzia baada ya adhuhuri, kitanda kikabaki kitupu, na sanduku lilipofunguliwa kwa ajili ya wageni lilikuwa limejaa hadi ukingoni.