Pesti Mpya kwa Kompyuta ya Siraji

Siraji hupiga video za harusi mjini Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kazi ya kuzihariri huifanya katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Mkewe, Medina, hushona nguo za mabibi harusi barazani. Mama yake Siraji, Mama Zuhurah, anaishi nao. Kila asubuhi huketi karibu na cherehani na kumchagulia Medina vifungo. Hukileta kila kifungo karibu sana na jicho, kwa sababu macho yake yamekuwa mabaya.

Miaka miwili iliyopita Siraji alipiga video ya harusi ya dada yake mdogo, Kadijah. Kabla hajaimaliza, Kadijah alifariki wakati wa kujifungua. Mtoto pia hakuishi. Tangu hapo Siraji hakuifungua video ile. Alimaliza harusi za watu wengine, na ile ya nyumbani akaiacha ndani ya kompyuta.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, daktari alimpima Mama Zuhurah. Alisema ni presha ya macho. Dawa ingezuia kidogo, lakini uwezo wa kuona uliokwisha kupotea haungerudi.

Waliporudi nyumbani, mama aliketi mahali pake karibu na cherehani. Kisha akamwita mwanawe.

"Siraji, ile harusi ya Kadijah iko?"

"Iko, Mama."

"Nataka kuiona. Sasa bado naona kidogo. Usiniambie kesho."

Siraji alifungua kompyuta siku hiyo hiyo. Alikata na kupanga vipande bila kuangalia sana sura ya dada yake. Vilipokuwa tayari, aliiamuru kompyuta iviunganishe viwe video moja. Feni ilianza kupiga kelele. Baada ya dakika kumi kioo kikawa cheusi na kompyuta ikazimika. Alijaribu tena. Ikazimika tena.

Jirani yao, Ezati, alimwambia, "Hiyo ni joto. Fungua kadi ya picha, ile inayotengeneza picha za kompyuta. Ndani kuna pesti ya kupitisha joto, inakauka. Weka dawa ya meno badala yake, inafanya kazi."

Siraji akafanya hivyo. Siku ya kwanza kompyuta ilidumu karibu saa nzima kabla ya kuzimika, na akafurahi. Siku ya pili ilizimika hata kabla ya dakika tano.

Kila asubuhi mama aliuliza, "Imekubali?"

"Bado, Mama."

Siku ya tano Mama Zuhurah alimpa Medina kifungo cheusi, akisema ni cheupe. Medina alikipokea na kukiweka chini. Kisha akaingia kwa mumewe.

"Peleka kompyuta mjini Arua leo," alisema. "Kuna fundi anaitwa Patricia, ametoka Kongo. Alitengeneza kompyuta za shule ya dada yangu. Usiguse tena wewe mwenyewe."

Siraji akaifunga kompyuta kwenye blanketi akaenda nayo Arua.

Patricia alikuwa na chumba kidogo chini ya kilima cha Arua Hill. Alimsikiliza Siraji mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hizo picha za dada iko mahali pengine?"

"Hapana. Iko humu tu."

"Basi tuanze na hiyo. Mashine inaweza kufa. Picha isife nayo."

Alinakili video zote kwenye diski nyingine. Kisha akazima kompyuta, akachomoa waya wa umeme, akasubiri ipoe. Akashika chuma cha sanduku la kompyuta kwa mkono mtupu.

"Mwili iko na umeme kidogo," alisema. "Usipogusa chuma kwanza, unaweza kuua kadi na usijue."

Alitoa kadi ya picha, akalegeza skrubu zake kidogo kidogo. Alichomoa waya wa feni. Akazungusha polepole chuma kikubwa cha kupoza kilichokaa juu yake mpaka kikaachia. Ndani kulikuwa na utando mweupe, mkavu, uliopasuka.

"Hii ni nini?"

Siraji aliinamisha kichwa. "Dawa ya meno."

Patricia hakucheka. "Mutu mwingi anafanya hivyo. Sikia, kaka. Moto inatoka kwa hii kitu ndogo katikati, chipu. Inatakiwa kwenda kwa chuma, halafu feni inaitoa nje. Lakini chipu na chuma hazigusani vizuri. Kuna nafasi ndogo sana ya hewa. Pesti inajaza ile nafasi ili moto ipite. Dawa ya meno ni maji. Maji ikikauka, hewa inarudi. Na ingemwagika hapa pembeni, kadi ingekufa."

"Pesti ya kwanza ilikuwa imekauka pia," Siraji alisema.

"Ndiyo, ile nzuri pia inakauka. Miaka mitatu, minne, na hii vumbi na hii joto yetu. Ikikauka, unaibadilisha. Siyo kosa."

Alilowesha kitambaa kisichoacha nyuzi kwa spiriti kali ya kusafishia vifaa.

"Waragi, ile pombe kali, haiwezi?" Siraji aliuliza.

"Iko na maji ndani. Hapana."

Alifuta chipu na chuma mpaka vikang'aa, akaviacha vikauke. Vipande laini vya mpira vya kupitisha joto, vilivyokaa juu ya chipu nyingine ndogo, hakuvifuta. Vilikuwa bado vizima, akaviacha mahali pake. Kisha akaweka tone dogo la pesti ya kijivu juu ya chipu na kulisambaza jembamba mpaka likafunika chipu yote.

"Ukiweka nyingi, moto haipiti vizuri," alisema. "Sasa wewe, funga skrubu. Kidogo hapa, halafu ile ya upande mwingine. Usikaze moja mpaka mwisho, chipu itavunjika."

Siraji alizifunga zote nne, kidogo kidogo. Akarudisha waya wa feni. Patricia akapuliza vumbi lote la ndani, akarudisha kadi mahali pake, akaiwasha kompyuta. Kabla ya kufunguliwa, kadi ilikuwa ikifika nyuzi mia moja za joto. Sasa, ikifanya kazi ile ile, ilisimama kwenye sabini na mbili.

Siraji alirudi Koboko jioni. Kesho yake kompyuta iliunganisha video yote kwa saa mbili, na haikuzimika hata mara moja.

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, Medina alifunga mapazia. Mama Zuhurah aliketi mbele ya kioo cha kompyuta, pua yake ikikaribia kukigusa. Ngoma za harusi zikaanza. Alitazama muda mrefu.

"Naona nguo," alisema mwishowe. "Ile ya njano inayotembea ndiyo Kadijah?"

"Ndiyo, Mama."

"Uso sioni. Umechelewa kidogo, mwanangu."

Mama alinyoosha mkono akaushika mkono wa Siraji.

"Basi angalia wewe, uniambie."

Siraji akarudisha video nyuma kidogo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, aliutazama uso wa dada yake.

"Hina yake imefika mpaka kwenye viwiko," alisema. "Anamtafuta mtu kati ya watu. Sasa amekuona wewe, Mama. Anacheka."

"Endelea," alisema Mama Zuhurah.