Siku Gari Langu Liliingia Bila Sauti

Mama mkwe wangu hatembei.

Miaka miwili hatembei! Mimi ndiye ninayemgeuza kitandani, mimi ninayemwogesha, mimi ninayefua mashuka yake kwa mkono kila asubuhi.

Sasa niambieni... Jumatano iliyopita, saa mbili asubuhi, nilimkutaje amesimama uani, kwenye parcelle yangu, anatwanga sombe ya majani ya muhogo?!

Anatwanga huku anaimba, jamani! Na kiuno kinakwenda!

Mimi nilikuwa ndani ya gari, hatua kumi kutoka kwake. Kati yetu kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba yalikuwa mashuka yake yeye, niliyoyafua alfajiri.

Nikawa namchungulia katikati ya mashuka mawili.

Ngojeni nirudi nyuma kidogo. Najua mtaniuliza, "Olive, uliingiaje bila kusikika?"

Jibu ni gari lenyewe. Lile dogo la umeme la kukodi, ambalo wengi mmenijazia inbox mkitaka kujua kama ni zuri au nimeingizwa mjini. Leo nawajibu yote.

Mimi ni Umwiza Olive, naishi Mapendo, hapa Goma. Zamani nilikuwa nachukua maharage kwenye mji mdogo wa Kiwanja, nayauza hapa Goma. Mara mbili kwa wiki nilikuwa barabarani. Nakula vumbi, nabishana bei, nacheka na watu, narudi nimechoka na furaha yangu.

Kisha mama wa mume wangu akaja kutoka Masisi. Anaitwa Mama Mukamugema. Wiki ya pili tu, miguu "ikafa".

Mume wangu Wenceslas akanikalisha chini.

"Olive, mama haiko na mutu mwingine. Kiwanja utaacha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atapona."

Nikaacha. Ningefanyaje?

Nikabaki na kazi ndogo ya kupeleka watoto wa majirani shule asubuhi na kuwarudisha mchana, kwa Carina yetu ya petroli. Saa zote zilizobaki ni za mgonjwa. Lori za Kiwanja zikipita nilikuwa naziangalia hadi zinapotea. Kuna siku nilijifungia chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kumpa uji.

Na ile Carina! Ekzosi imetoboka, ikifika kona mbwa wote wa mtaa wanabweka. Nyumba yangu ilikuwa inanisikia kabla ya kuniona. Mshike hapo hapo, nitarudi.

Mwezi uliopita injini ikafa. Kusema kweli sikulia. Nilikuwa nimechoka na vidange, kila mara kubadili oili, nimechoka na vipuri, nimechoka na mafuta ya kadhafi, wale wanaouza madumu pembeni ya barabara. Leo mafuta mazuri, kesho yana maji ndani, kesho kutwa yamepanda bei.

Nikasikia kuna ofisi mjini inakodisha magari ya umeme kwa malipo ya kila mwezi ambayo hata maskini mwenye adabu anayaweza. Nikaenda. Nikamkuta Muzee Munyakazi.

"Mama, unajaribu kwanza mwezi moya," akaniambia. "Ukipenda, unasinye contrat ya miaka tatu. Haupendi, unarudisha tu."

"Na courant ikikatika?"

"Unachaji wakati iko. Ikijaa, Kiwanja unaenda na unarudi."

Kiwanja! Mzee wa watu hakujua amenigusa wapi.

Nikalichukua. Halingurumi, halitoi moshi, halinuki. Siku ya kwanza nilidhani limezimika, kumbe linatembea!

Wenceslas hakulipenda hata dakika moja. Yeye anatengeneza redio hapo hapo kwenye baraza yetu, kwa hiyo kutwa yuko nyumbani, na kutwa alikuwa na neno.

"Hii gari, rudisha."

"Juu ya nini?"

"Volcano ikitapika na courant imekatika, utakimbia na nini? Gari ya petroli, essence unamimina tu, unaenda!"

Hapo alikuwa na haki. Nani hapa Goma hajawahi kukimbia na godoro kichwani? Nililala nikiliwaza hilo siku kadhaa.

"Tena haina bruit, haisikike kabisa," akaongeza. "Gari haina bruit ni ya mwizi! Chukua ya essence, mutu akifika tumusikie."

Nilicheka. Nikasema huyu ushamba unamsumbua. Ujinga wangu mimi!

Kitu kingine... tangu nipate gari hilo, akaanza kunipigia simu kila asubuhi. "Chérie, umefika wapi? Unarudi saa ngapi?" Miaka mingapi hajaniita chérie! Nikadhani mapenzi yamerudi. Nikanunua hadi marashi!

Siku ya kuamua ilikuwa Jumamosi. Hadi Jumanne nilikuwa nimeshakubali moyoni kulirudisha. Nilichoka kubishana.

Haya, Jumatano.

Nimeshusha watoto shuleni, simu imezima. Gari lina moto wa kutosha, simu haina! Nikarudi moja kwa moja nyumbani. Geti lilikuwa wazi, mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kushusha makaa. Nikaingia polepole. Kishindo cha kinu kikafunika changarawe.

Ndipo nikaona niliyowaambia.

Bado nimekodoa macho, Wenceslas akatoka barazani.

"Mama, acha sasa, rudia kitandani. Simu ya Olive haipite."

"Acha nimalize. Mugongo inaniuma juu ya kulala."

"Hii gari itatuumbua! Carina tulikuwa tunaisikia toka kule kwa kona..."

"Nitalala mpaka lini, mutoto wangu?"

"Samedi anairudisha. Vumilia siku tatu tu."

Mungu wangu!

Nikabana pumzi. Nikifungua mlango watanisikia. Nikikaa, upepo ukiinua shuka wataniona. Nilikuwa nimefungwa ndani ya gari langu, kwenye parcelle yangu, na ufunguo ninao! Miguu yangu mimi ndiyo ilikuwa imekufa sasa.

Nikahesabu miaka miwili. Uji, mabeseni, mashuka. Ile ekzosi niliyokuwa naionea aibu kumbe ilikuwa inawapa habari kila siku: anakuja, laleni!

Wenceslas akaingia ndani. Mama akainama kukusanya sombe. Nikarudi kinyumenyume taratibu hadi nje, nikasimama kwenye kona.

Nikalia. Nikaupiga usukani ngumi, honi ikalia, na mimi mwenyewe nikashtuka!

Nikafuta macho. Nikarudi nyumbani, safari hii napiga honi kama niko kwenye harusi.

Nilipoingia chumbani, blanketi lilikuwa limefika kidevuni.

"Olive, mwana wangu... leo miguu imeniuma sana..."

Kwenye kiwiko chake kulikuwa na kipande cha jani la sombe. Kibichi kabisa. Nikachukua kitambaa, nikakifuta, nikamwonyesha.

Akakiangalia. Akaniangalia.

Barazani Wenceslas alikuwa anajaribu redio ya mteja, kelele tupu. Nikafunga mlango.

"Mama, nilikuona."

Akajifunika uso kwa mikono miwili. Nilijiandaa kwa uongo mwingine. Nilikuwa na matusi tayari, naomba Mungu anisamehe.

Akasema kwa sauti ndogo, "Sasa utanifukuza lini?"

"Kukufukuza?"

"Si njo vile ulisema? Wenceslas aliniambia... Olive anasema mama mugonjwa atamuchunga, lakini mama muzima arudie kwake. Na kwetu Masisi nyumba ilichomwa, mwana wangu. Nitarudia wapi?"

Nikakaa kitandani.

"Mama... mimi sijawahi kusema hivyo. Hata siku moja."

Akatoa mikono usoni.

"Na mimi sikuomba uache Kiwanja. Alisema umechoka na barabara."

Mmeona?! Miaka miwili ninamwogesha mtu anayeniogopa! Yeye analala mzima ili nisimfukuze, mimi nakaa ndani ili asife. Na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anatembea kati yetu na maneno.

"Lakini juu ya nini alifanya vile?" nikauliza.

"Batu walikuwa wanamuita bwana ya Olive. Wanasema anakula maharage ya bibi yake. Alinililia."

Nilimwonea huruma. Nusu dakika hivi. Kisha nikakumbuka mabeseni, hasira ikarudi.

Hatukumwambia Wenceslas kitu. Alhamisi Wenceslas alikula ile sombe, akaisifu. "Leo umeitwanga muzuri," akaniambia. Nikamjibu asante.

Jumamosi asubuhi alikuwa amejilaza kwenye kiti cha salon.

"Unaenda na ile gari?"

"Naenda kumaliza mambo yake."

"Vizuri. Ya essence ni ya essence." Akafumba macho.

Mama Mukamugema akatoka chumbani amevaa viatu na kitenge chake cha kanisani. Akapita mbele ya mwanawe aliyesinzia. Akatembea hadi getini, akalifungua kwa mikono yake. Jirani yetu aliangusha beseni zima la maji!

Tukapita kwa Muzee Munyakazi. Nikatia sahihi mkataba wa miaka mitatu, mama amekaa pembeni yangu. Betri imejaa. Tukashika barabara ya Kiwanja.

Tuko Munigi, simu ikalia.

"Olive! Uko wapi? Mama haiko kitandani!"

"Najua."

"Unajua nini? Nani amemubeba?!"

Mama akaichukua simu mkononi mwangu.

"Hakuna mutu amenibeba. Nilifungua geti mimi mwenyewe. Haukusikia?"

Mama akakata, akanirudishia simu, akaomba nifungue dirisha apate upepo.

Jioni tulirudi na magunia matatu ya maharage. Wenceslas alikuwa amekaa kwenye jiwe nje ya geti, ameinamisha kichwa, anasubiri kusikia gari. Tulisimama karibu ya kumkanyaga vidole ndipo akatuona.

Sijamwacha, msiniulize. Kumsamehe pia bado. Mashuka anafua yeye.

Sasa nyinyi wa umeme au petroli. La umeme ni rahisi kulilea, hilo nimeliona mwenyewe. La petroli unalijaza dakika mbili unakimbia, na hofu ya volcano sijaipatia dawa, kwa hiyo siachi betri ishuke chini ya nusu. Kila mtu apime na barabara zake.

Ila hili ndilo ninalotaka mlishike. Ukiletewa neno kwamba mtu wa nyumbani kwako amesema hivi na vile, usilitunze miaka miwili. Ingia chumbani, funga mlango, umuulize yeye mwenyewe. Ningeuliza siku ya kwanza, nisingehitaji gari la kunionyesha.

Jumanne naenda tena Kiwanja. Mama ameshasema kiti cha mbele ni chake.