Kokuberwa Aacha Kuvukuta

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake, Kokuberwa huvukuta moto katika karakana ya baba yake, Protase, hapo Kamachumu. Baba yake ni mhunzi. Hutengeneza majembe na, kwa kibali cha serikali, magobore ya kufukuzia nyani mashambani.

Jumamosi moja Mzee Rugaibula alileta gobore lake. Skrubu ya nyuma ya mtutu ilikuwa imeshikwa na kutu. Baba alikuwa amefuata mkaa, hivyo Julius, kaka yake Kokuberwa, akalipokea.

"Tutaupasha mtutu moto, skrubu italegea," alisema Julius.

"Pasheni upesi, gari la Kemondo lisiniache," Mzee akajibu. "Hili gobore halina kitu. Halijalia tangu mwaka juzi."

Kokuberwa akaondoa mikono kwenye mivukuto. Makaa yakaanza kufifia.

"Vukuta, mama polisi," Julius akamtania. "Au unamwambia mgeni kuwa ni mwongo?"

Uso ulimchoma Kokuberwa kwa haya. Kwao, mtoto hapingi neno la mzee. Lakini alijua kwamba baruti iliyosahaulika mtutuni, ikipata joto, hulipuka. Akapiga magoti, akamwita kwa neno la heshima.

"Waitu, Mzee, neno lako sina shaka nalo. Nina shaka na gobore. Tumsubiri Tata arudi na mkaa, alipime."

Mzee alikunja uso, lakini akasubiri.

Baba aliporudi, aliambiwa yote. Akatumbukiza ufito mtutuni mpaka ukagota, akauwekea alama ya chaki penye mdomo wa mtutu, kisha akaulaza kando ya mtutu kwa nje. Alama ikiwa mdomoni, ncha ya ufito ilipungua vidole vinne kufika kwenye skrubu ya nyuma. Ndani mlikuwa na kitu.

Julius akarudi nyuma, mbali na tanuri.

"Kumbe mwanangu alilishindilia, nyani wakakimbia kabla hajapiga," Mzee alisema polepole.

Baba aliilowesha baruti kwa maji, akaitoa yote, akausafisha mtutu na kuupima tena. Ndipo ukapashwa moto, na skrubu ikalegea. Gari lilikuwa limekwisha kuondoka, wala Mzee hakulitaja.

"Protase, una fundi hapa," alisema.

"Ninaye, na leo amemfundisha kaka yake," Baba alijibu kwa fahari. Akawageukia wanawe. "Usikipeleke motoni chuma usichojua kilicho ndani yake. Na kumheshimu mgeni ni kuhakikisha anarudi kwake mzima, hata kama kwanza atakasirika."