Sentensi Niliyoikata Kwenye Video ya Komedi

Jambo hili limenigharimu kamera moja ya mtumba, jioni za miezi kumi na minne, na kaka mmoja. Kamera nilipunguziwa bei. Jioni zingekwisha tu hata kama ningelala. Ila kaka nilikuwa naye huyo mmoja...

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja, nina mke na watoto watatu. Naishi Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, na kazi yangu ni kupanga maboksi ghalani. Asili yangu ni milima ya Kivu ya Kusini, Kongo, lakini ujana wangu niliumalizia kambini Tanzania. Wasomaji wenzangu, huenda mkacheka katikati ya mkasa huu. Chekeni tu. Hata mimi nilicheka, na ndilo kosa lenyewe.

Kule kambini nilikuwa na banda la video pamoja na Sadoki. Hatukuzaliwa tumbo moja; amenizidi miaka tisa, nami namwita yaya, ambaye kwetu Kivu ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto. Mimi nilikaa mlangoni. Asiye na shilingi alilipa kikombe cha mahindi, asiye na mahindi alilipa kipande cha sabuni, na asiye na chochote aliingia filamu ikifika katikati. Nilihesabu vichwa wakiingia, nikavihesabu tena wakishakaa, maana turubai lina pande nne na mlango ni mmoja.

Sadoki alisimama kando ya televisheni na kutafsiri. Muuguzi mmoja Mwingereza, mkataba wake ulipokwisha, alituachia kanda za komedi ya zamani ya televisheni ya kwao. Ilikuwa habari ya fundi viatu mzee na dada yake, wanaishi juu ya duka lao na kugombana kutwa. Ndani ya kanda zile mlikuwa na vicheko vya watu wasioonekana, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Wazungu wale wakicheka, Sadoki lazima awe ameshamaliza utani wake, ili nasi tucheke pamoja nao. Hakuchelewa hata siku moja. Watu walitembea kutoka ng'ambo ya kambi kuja kumsikia.

Tena si banda tu. Nilipotaka kuoa, wazazi wangu walikuwa wameshafariki. Sadoki ndiye aliyekwenda kunisemea kwa wakwe. Walitaka ng'ombe wanane, yaani thamani yao kwa pesa, kwa kuwa kambini hakuna malisho. Alirudi na wanne, na wakwe wakamshukuru. Mimi hujidai fundi wa kupatana bei, lakini siku ile nilijifunza kwake.

Marekani ilitutenganisha. Mimi nikaletwa Louisville, yeye akapelekwa Columbus, Ohio, upande wa Reynoldsburg. Huko alikisoma Kiingereza mpaka akakijua, akapata kazi ya ukalimani. Shirika dogo lilimtuma hospitalini, akae kati ya daktari na mgonjwa wa kwetu. Wazee walikubali miadi yao isogezwe wiki nzima, mradi Sadoki awepo. Hakuwa na nyumba wala gari la maana. Alikuwa na hilo tu, kwamba watu waliuamini mdomo wake.

Mwaka 2015 nilizikuta diski za ile komedi kwenye duka la mitumba, seti kamili. Mwenye duka alianza juu, nikamshusha, akanitazama kama aliyeibiwa, tukapeana mikono. Nikaanza kutengeneza video zangu za kueleza historia ya komedi ile na kuzitia mtandaoni. Lile duka la viatu lilijengwaje studioni? Ni ukuta gani unaotikisika mlango ukifungwa? Birika ngapi za chai zilivunjwa tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho?

Birika ni kumi na saba. Mzee mmoja wa Uingereza alibisha kwamba ni kumi na sita. Nikarudia zote, nikamwandikia dakika ya kila birika. Akaomba radhi. Nilitembea kifua mbele siku tatu.

Mke wangu Esta aliniuliza kama hao wa birika wananilipa. Nikasema bado.

"Na weye uko nawahesabia bure?" akasema. "Kumbe ulikuja Amerika kuwa karani wa vyombo."

Lakini palikuwa na jambo lililonisumbua. Sasa nilielewa Kiingereza, na hadithi iliyokuwa kwenye diski haikuwa ile niliyoijua. Kambini, fundi na dada yake waligombania ng'ombe wa marehemu baba yao, miaka sita mfululizo. Kwenye diski wanagombania bili ya gesi. Nilitafuta wale ng'ombe katika vipindi thelathini na vinne, nikarudia tena kuanzia cha kwanza. Sikuona hata kwato.

Nikatundika kamera begani nikaendesha gari mpaka Columbus.

Sadoki alinipokea kwa suti, akidhani video ni jambo la kanisani. Nilimkalisha kwenye kochi, nikawasha kamera, nikamuuliza, "Yaya, wale ng'ombe walitoka wapi?"

Alicheka mpaka akaishika meza. "Mdogo wangu, Kiingereza changu kilikuwa gudi moningi na hesabu mpaka kumi na mbili. Batu wamekaa, wameshalipa sabuni yao. Donc, basi, ningewaambia nini? Nilitazama midomo, nikangoja vicheko, nikawapa ng'ombe."

Nilicheka hadi kamera ikatikisika. Ndipo yeye akatulia, akaweka tai yake sawa, na kusema polepole, "Bon. Lakini hospitali si banda. Kule nasema neno vile liko. Nisipolijua, namwambia daktari, ngoja, hili silijui. Hata mara kumi. Mutu anaweza kufa kwa sababu ya ng'ombe wangu."

Alinisindikiza mpaka kwenye gari. Akaushika mlango kabla sijaufunga. "Ile ya kucheka weka, haina shida. Lakini ile ya hospitali usiiache nje. Unajua kazi yangu."

Nikamwambia, "Yaya, si unanijua?"

Alinijua. Ndiyo maana aliniambia tena mara ya pili.

Nyumbani nikakaa kuiunga video. Kicheko chake peke yake kilikuwa kama dakika mbili, safi kabisa. Nilipoongeza maneno ya hospitali, mwisho ukawa mzito, kama mtu aliyeanzisha mahubiri katikati ya harusi. Nilijaribu mara mbili. Mara ya tatu nikakata.

Msidhani nilisahau, wasomaji. Ningekuwa nimesahau, leo ningelala vizuri. Nilimkumbuka alivyoushika mlango wa gari... nikakata.

Tena nikafanya vibaya zaidi kwa nia nzuri. Mwanzoni niliandika jina lake kamili na kazi yake ya sasa, mkalimani wa hospitali, ili watazamaji wampe heshima. Chini ya picha nikaweka maneno yake kwa Kiingereza. Na kwa kuwa nilikuwa na kadi moja tu ya kamera, niliifuta yote, nikaenda kupiga picha mfano wa kibao cha lile duka la viatu la kwenye komedi, niliouchonga kwa ubao. Mtu anayehesabu birika mara mbili alikuwa na nakala moja tu ya maneno ya kaka yake, naye akaifuta!

Video ile ilitazamwa kuliko nyingine zangu zote zikijumlishwa. Waingereza walimpenda Sadoki. Waliandika kwamba ng'ombe ni bora kuliko bili ya gesi.

Siku ya pili akapiga simu. Aliuliza swali moja. "Ile ya hospitali iko wapi?"

Nikamwambia ilikuwa ndefu, nitaiweka kwenye video nyingine. Akaniomba niiondoe mtandaoni ile video siku hiyohiyo. Ilikuwa Ijumaa. Nikamwambia tuiache ipite wikiendi, Jumatatu nitaiondoa. Aliniomba tena, kwa upole. Nikashikilia Jumatatu. Je, mtu hupatana bei ya jina la nduguye kama anayenunua godoro? Mimi nilipatana, na nilipokata simu niliona nimeshinda.

Jumatatu niliiondoa kweli. Lakini mtu alikuwa ameshaipeleka hospitalini, na hospitali ikaliuliza shirika lake. Wakubwa wa shirika walisoma maandishi yangu ya Kiingereza, kwamba huyu mkalimani hutazama midomo na kubuni. Hawakumtukana. Walimwambia tu kwamba hawawezi kumtuma tena.

Hilo halikuwa la mwisho. Wagonjwa wake wa zamani walianza kuulizana maswali. Mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji Sadoki akiwa mkalimani wake alimpigia simu kumuuliza kama kweli walichomtoa kilikuwa uvimbe. Sadoki alimjibu kwamba ndiyo, ulikuwa uvimbe. Yule mama akasema atamuuliza mtu mwingine. Haya alinisimulia dada yake Sadoki. Yeye mwenyewe hakuwa akipokea simu zangu tena.

Akahamia Buffalo, New York, kwa huyo dada yake, mitaa ya Kensington-Bailey. Alipata kazi kiwandani, ya kufunga makopo, mahali ambapo mashine zinapiga kelele na hakuna anayehitaji kuongea.

Baada ya miezi mitano nikamfuata. Kwetu, mtu aliyekosa haendi peke yake kuomba msamaha. Hutangulizwa msemaji, mtu mzima anayeheshimika, naye ndiye anayebeba kosa lako na kulitua mbele ya aliyekosewa. Nilitafuta msemaji wa kunisaidia. Kila mtu niliyemfikiria alikuwa chini ya Sadoki kwa heshima. Maisha yangu yote aliyekuwa akinisemea ni yeye! Nikaenda peke yangu.

Alinifungulia mwenyewe. Amekonda. Akatazama nyuma yangu kwenye ngazi.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, yaya."

"Na ile iko mu mfuko?"

Ilikuwa kamera. Naapa sikuichukua kwa nia yoyote. Nilikuwa nimezoea kuibeba tu, kama wengine wanavyobeba mwavuli. Nani angeniamini? Nilirudi kuifungia kwenye gari, nikaingia nikiwa nimeinamisha uso.

Nilimwambia yote, hata ile mara ya tatu ya kukata. Nikasema nitafanya chochote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hataki pesa wala hataki nimlilie.

"Nataka sentensi yangu," akasema. "Peleka kwa wale wakubwa wasikie nilivyosema. Basi."

Ikabidi nimwambie kuhusu kadi.

Dada yake, aliyekuwa akipakua wali, alisimama na mwiko mkononi. Sadoki akasema, "Kula, chakula kinapoa." Nilipoondoka, dada ndiye aliyenisindikiza, naye akanipa ujumbe mmoja kutoka kwa Sadoki: nisilitaje tena jina lake mbele ya kamera, hata kwa wema.

Nimeliandikia shirika barua nikieleza kwamba nilikata. Wamejibu kwa adabu kwamba barua ya rafiki si ushahidi, niwaletee rekodi kamili. Sina. Na video yangu, ingawa niliiondoa, wengine wameshainakili na inaendelea kuzunguka, na Sadoki ndani yake bado anacheka.

Wewe unayerekodi watu kwa simu au kwa kamera, nakuomba usipite njia yangu. Mtu akikuambia neno fulani usiliache, liweke hilo kwanza, kicheko kitatafuta nafasi yake. Na usifute kitu kabla mwenyewe hajakiona.

Sasa nipeni ushauri. Esta anasema nitengeneze video moja ya mwisho, niseme kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwamba mwongo ni mimi, ifuate ile ya kwanza kila ilikokwenda. Huenda shirika likaisikia. Lakini nitalazimika kumtaja jina, na yaya amenikataza. Nikitii, anabaki kwenye makopo. Nikiasi, nitakuwa nimepuuza ombi lake kwa mara nyingine. Ninyi mngefanya lipi?