Kiti Kilichobatizwa

Kikombe cha bia kiligongwa juu ya meza huko chini ukumbini, mara moja, kwa uzito, halafu kimya.

Jorinde alikuwa macho, mtoto yuko titini. Akawaza ni nani angekuwa chini saa hizo, akakosa mtu. Wanafunzi wote walikuwa wameshatapika na kwenda kulala. Aliwasikia mwenyewe wakipanda ngazi kama ng'ombe wanaorudi zizini, akamsikia na rais wa chama chao akifunga ukumbi kwa ufunguo huku anaimba Kilatini ambacho hata maana yake haijui. Sasa kikombe kikagongwa tena, na safari hii kikavutwa juu ya ubao, krrr, kama mtu anayedai aongezewe.

"Wannes. Wannes, amka. Kuna mtu chini."

"Panya."

"Panya anagonga kikombe?"

"Jori, niache bwana, kesho nina mtihani."

Hakuwa na mtihani wowote. Wannes alikuwa mwaka wa tatu kwa mara ya pili, na kitu pekee alichokisoma kwa bidii ni kitabu cha nyimbo za kulewea.

Nyumba ilikuwa ya chama cha wanafunzi, kwenye mji mmoja wa Flanders wenye chuo kikuu cha binafsi, chuo cha watoto wa manotari na madaktari wa meno. Jorinde hakuwa wa chuo. Alimaliza sekondari, akaajiriwa kuuza mikate, akampenda Wannes, akashika mimba, basi. Walikaa chumba cha darini kwa sababu Wannes alikuwa makamu wa rais na hakutaka kulala mbali na chama hata mtaa mmoja. Vijana wale walimwita "shemeji", wakamwachia vikombe vyao ngazini aviokote. Ndio watakaokuja kuwa mahakimu hao, alikuwa akijiambia, ndio watakaotupasua matumbo hospitalini, na hapa hawajui hata kufuta matapishi yao wenyewe.

Wiki moja kabla ya usiku huo walifanya ubatizo wao. Kila mwaka ni vile vile: wa mwaka wa kwanza, wanaoitwa vifaranga, wanatambazwa uani kwa magoti, wanapakwa unga, mayai na utumbo wa samaki uliooza, wanapewa jina jipya, na kila mmoja anapewa baba wa ubatizo kutoka kwa wakubwa. Siku ya pili wanakwenda darasani kusikiliza habari za maadili. Lakini mwaka huu vifaranga walikuwa wachache, na chama jirani kilikuwa na wengi, na rais, kijana aitwaye Evrard ambaye hajawahi kukosa kitu tangu azaliwe, aliona aibu. Akavuta kiti kitupu, akakipaka unga na utumbo wa samaki, akakimwagia bia, akakibatiza ili idadi ifike. Akakipa jina, jina la mtu kabisa. Jina lenyewe halitajwi hapa, na msomaji asiliulize.

Kura ya baba ikamwangukia Wannes. Naye akapiga magoti mbele ya kiti, akaapa kile kiapo wanachoapa wote: ukigonga nitakufungulia, ukichoka utalala kwangu, na ukikomaa nitakupa mtoto wako umlee, yaani kifaranga mpya. Wakacheka mpaka wengine wakajikojolea.

Ndiyo akili yao hiyo.

Basi usiku ule, baada ya kikombe, Jorinde akasikia ngazi. Hazikuwa hatua za mtu. Ilikuwa kama miguu minne ya mbao inapokezana, ko-ko, ko-ko, inapumzika kila kituo, inapanda tena. Ikafika mlangoni. Mlango ukagongwa kwa adabu.

Na Wannes, nusu usingizini, pombe bado kichwani, akasema, "Ingia, mwanangu."

Mlango haukufunguka. Iliyoingia ni harufu: bia iliyolala, unga uliolowa, samaki.

Asubuhi Wannes alikataa katakata kwamba alisema neno. "Unaota, Jori. Ni kunyonyesha huko, kunakuchosha." Lakini unga ulikuwa sakafuni, alama ndogo za duara, na zote zilielekea kwenye kitanda cha mtoto, hazikurudi.

Mtoto, Odilon, miezi mitano, alikuwa wa kulilia kila kitu. Siku ile akanyamaza. Akawa analala chali anatazama pembeni, hapo hapo, pasipo na kitu, anatabasamu kama anayesimuliwa. Titi akalikataa. Jorinde alimwogesha mara mbili kwa sabuni na nyuma ya masikio bado alinuka samaki. Mwili ukaanza kupoa, si baridi ya homa, ni baridi ya chombo kilicholala nje, na Jorinde akamfunika blanketi juu ya blanketi na kumwambia Wannes twende kwa daktari, na daktari akampima akasema mtoto mzima huyu, mama ndiye alale.

Usiku wa tatu alishuka jikoni kuchemsha maji, dakika chache tu, mtoto alimwacha kitandani na Wannes anakoroma pembeni yake, na aliporudi akasukuma mlango kwa kiwiko akaona kiti, kile kile, chenye magamba ya samaki yaliyokaukia mgongoni, kiti kilichokuwa kimefungiwa ukumbini chini kabisa ambako ufunguo uko shingoni kwa Evrard, kiti kimesimama kando ya kitanda cha mtoto kwa karibu kama mtu anayeuguza mgonjwa, na kitanda kinabembea polepole, na hakuna mkono, na Odilon ameinua mikono yake midogo miwili juu, hewani, kama mtoto anavyofanya anapotaka kupakatwa na mtu anayemjua.

Alimnyakua mtoto akakesha bafuni, mgongo mlangoni.

Kazini kwake alikuwako mama mmoja wa Kimoroko, Lalla Hniya, mwokaji wa mikate bapa, aliyewahi kuwasomea watu walioingiliwa na majini. Jorinde alimwambia yote, maneno yanagongana. Lalla akaja mchana wa siku ile ile. Alifika katikati ya ngazi akasimama, akaziba pua kwa mtandio, akasoma kwa midomo, halafu akaacha.

"Endelea, Lalla. Msomee atoke."

"Nikimsomea anacheka, binti yangu. Namsikia." Aliongea chini chini. "Huyu hakuvamia. Alikuwa anapita tu, wakampa jina, wakampa baba, wakamfungulia mlango. Mimi ni nani nimfukuze mgeni wa watu? Mumeo ndiye arudishe kiapo, mbele ya wale wale waliosikia. Na afanye upesi. Ameshakomaa huyu, anatafuta mtoto wake, na ameshampata."

"Akiondoka ndiyo basi?"

"Akiondoka, funga mdomo. Anayemsimulia anamwonyesha njia ya kuja kwake mwenyewe."

Wannes alikuwa anapiga pasi utepe wake wa rangi, ule wanaouvaa begani kama majenerali wa vita ambayo hakuna aliyepigana.

"Leo? Jori, leo kuna kesha la nyimbo! Wakubwa wa zamani wote wanakuja. Nikisimama kukana ubatizo wananivua utepe palepale."

"Na mtoto?"

"Baada ya uchaguzi. Ni mwezi ujao tu. Nagombea urais, unajua."

Jorinde akamtazama. Aliwahi kumpenda mtu huyu, akajaribu kukumbuka ni kwa nini, akashindwa.

Usiku akamfunga Odilon kifuani akateremka. Ukumbini meza ndefu, mishumaa, vifua vimetuna, wanaimba kwa vinywa wazi mambo ya ushujaa na mabikira. Kwa desturi yao hakuna anayeingia katikati ya wimbo bila kuomba ruhusa. Yeye aliingia.

"Lo! Nani kaacha jiko wazi?" Evrard alipaza sauti, na meza nzima ikacheka. "Shemeji, hujaomba ruhusa. Adhabu yake unaijua? Kikombe kizima, bila kupumua!"

"Mtoto wangu anakufa mikononi mwangu na wewe unaniletea habari za ruhusa, mjinga wewe! Wannes, simama. Kana kile kiapo."

Wannes akasimama. Akashika utepe. Akawatazama wazee wenye vitambi waliokuja na tepe zao zilizofifia, akamtazama Evrard, akamtazama mwanawe. Halafu akakaa.

Ndipo mtu mmoja akasema, "Jamani, oneni kile."

Kile kiti kilikuwa mwisho wa meza, na waliokuwa karibu nacho walikuwa wamesogeza viti vyao mbali bila kujua wamesogeza. Mbele yake kikombe kilichojaa. Bia ilikuwa inashuka, taratibu, kama inavyoshuka anapokunywa mtu mwenye kiu lakini mwenye adabu, na povu likabaki ukingoni kwa umbo la midomo, na kikombe kikagongwa mezani chenyewe. Wakubwa wa kesho wa nchi hii, kila mmoja, wakashika viuno vya wenzao kama watoto wa chekechea.

Evrard alikuwa mweupe kama jibini. Lakini mtu aliyezoea kuhudumiwa huwa na jibu, na jibu lake huwa ni mtu mwingine. "Amekomaa," alisema, sauti inamkwaruza. "Anataka wake. Basi apewe. Vifaranga! Nani hana baba?"

"Mimi!" Msichana alisimama kule mwisho wa pili wa meza, Ysaline, miaka kumi na minane, anacheka, hajaona kitu, amelewa. Siku ya kura kila kifaranga alipata baba isipokuwa yeye, zamu yake ilichukuliwa na kiti, na Jorinde alimkuta chooni analia kwa sababu hiyo. "Mimi bado sina! Nipeni mimi!"

Jorinde alifungua mdomo. Angeweza kusema neno moja tu, kaa chini, na msichana angekaa, kwa kuwa ni Jorinde aliyempangusa machozi siku ile. Kifuani pake Odilon alikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na pumzi yake ilikuwa mbali, mbali.

Akaufunga mdomo.

Ysaline akaketi karibu na kiti, akanywa, akapiga kikombe mezani. Kicheko chake kikakatika katikati. Na Odilon akapiga yowe, yowe la hasira, la njaa, mwili ukapata joto mara moja, anatafuta titi.

Jorinde aliondoka usiku ule ule kwenda kwa mama yake, karibu na bahari. Wannes alibaki. Sasa ndiye rais.

Jumapili moja kengele ya mlango ikalia. Nje mvua, na mwanamke mwenye koti zuri lililofungwa vifungo kombo.

"Wewe ndiye Jorinde? Mimi ni mama yake Ysaline. Wote wamekataa kusema nami, wamenifungia mlango kwa heshima kubwa. Lakini wewe una mtoto. Wewe utaniambia." Maneno yalimtoka mbio. "Haongei. Anakaa anatazama pembeni. Mezani anavuta kiti cha pili, anakikatia nyama, anakipangusa. Na ananuka, samahani kusema hivi juu ya mwanangu, namwogesha mwenyewe kama mtoto mchanga na bado ananuka. Walimfanya nini?"

Ndani Odilon alikuwa anapiga sahani ya karoti kwa kijiko, mnene, mwekundu, anapiga kelele.

"Walikuwa wanaimba tu, mama," Jorinde alisema. "Kelele za wanafunzi."

"Tafadhali. Neno moja."

"Sikuona kitu."

Mwanamke akamshika mkono, akaushika muda mrefu, akausoma uso wake wote. Kisha akauachia, akarudi mvuani bila kuvuta kofia ya koti.

Jorinde akafunga mlango, akasukuma na komeo. Akakaa sakafuni chini ya kiti cha mtoto, akazishika nyayo mbili za Odilon zenye joto, akasema kwa sauti ya kusikiwa na yeyote aliyekuwa anasikiliza: "Lalla anajua, basi. Huyo mama akirudi akipiga magoti, akilala hapo nje mlangoni, sitasema. Naapa kwa uhai wa huyu. Sitamwambia mtu mwingine."