Tundu Nililoziba kwa Simenti

Jua lilikuwa linazama nilipomaliza kuliziba tundu. Nilililainisha kwa mwiko, nikajisifu kimoyomoyo. Nani angepita tena hapo?

Nyumba yetu hapa Kolwezi ni ya zamani, ina chumba chini ya ardhi. Tunakiita kave. Humo mimi na mke wangu Agnès tulifuga vifaranga, na kwa baridi ya Juni tuliwawashia jiko la gesi la kuwapasha joto. Tundu pekee la hewa lilitokeza uani, sawa na ardhi. Baridi ikawa inapenya, nikaliziba kwa gunia.

Vifaranga wakaanza kufa. Hawana jeraha, hawana ugonjwa. Na kila alfajiri nilikuta mtu ameling'oa gunia.

Asubuhi ya siku ile ya simenti nikamnasa. Mama Tshibola, mjane mzee aliyepanga chumba cha uani, amepiga magoti penye tundu, gunia mkononi.

"Mulozi!" nikapiga kelele, majirani wakajaa. "Unapitia hapa, unakula batoto ba kuku!"

"Tata Tharcisse, mi hapana mulozi. Ile moto inakula mupepo. Acha tundu wazi."

"Kesho utakula na mutoto wa Agnès, ye iko mu tumbo?"

Watu walitema mate chini. Agnès alinivuta shati ninyamaze, nikamsukuma mkono. Kabla ya saa sita bibi alipanda lori la makaa lililokuwa likirudi Mutshatsha, kwa binti yake Ngoyi. Hakunitazama, nami nikajiona mwanaume.

Basi jioni, simenti ikiwa bado mbichi, Agnès alitangulia kave kuwasha moto. Nilipomfuata na chakula cha vifaranga nilifunga mlango nyuma yangu, joto lisitoke. Tukakaa tukichambua waliokufa na walio hai.

"Kichwa inaniuma sana," Agnès akanong'ona baadaye. Akaegemea ukuta, akafumba macho.

Moto ulikuwa wa manjano. Vifaranga walikuwa kimya.

Nilitaka kusimama... miguu ikakataa.

Tok.

Juu, ukutani.

Tok... tok...

Nikasikia harufu ya ugoro. Ugoro wa mama Tshibola, ule aliokuwa akivuta uani kila jioni. Amerudi kulipiza, nikajiambia. Amekuja kumchukua mtoto.

Kucha zilikwaruza simenti. Tonge lake likaanguka sakafuni, kisha jingine. Mkono ukaingia tunduni, mkavu, wa kizee, ukachimba.

Upepo baridi ukanipiga usoni.

"Inuka, tata," sauti ikanong'ona. "Mubebe."

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilimburuta Agnès ngazini, nikaupiga mlango teke, tukaanguka uani. Alikohoa, akatapika, akalia. Nilitambaa hadi penye tundu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama za magoti mawili kwenye vumbi.

Hospitalini muuguzi alitueleza: moto wa gesi ukifungiwa ndani unakula hewa, na sumu yake haina harufu. Mtoto yuko salama, alisema. Ndilo jambo ambalo mama Tshibola alinieleza mbele ya watu, kwa maneno machache kuliko yake.

Asubuhi nilimpigia Ngoyi.

"Mama alianguka usingizi jana magaribi, pale pale kando ya moto," akasema. "Tulimuita, haamuke. Saa hii ndio ameamuka. Lakini tata... mikono yake iko na simenti. Tunaosha, haitoke."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote huko habari ya simenti.

Kisha nikasikia pumzi ya kizee kwenye simu.

"Agnès anapumua?"

"Anapumua, mama," nikasema, na simu ikakatika.

Sijaenda Mutshatsha. Agnès ananiuliza kila siku nangoja nini, nami natoka uani. Nilimwita mulozi, kisha hospitalini nikaona nilimsingizia. Huenda nilisema kweli. Na kama nilisema kweli, basi uchawi niliomfukuzia ndio aliorudi nao kuniokolea mke na mtoto.

Tundu liko wazi hadi leo. Nikipita pale, nainamisha kichwa.